China, Japani au Korea? Kabla ya posho, waangalie kwanza utakaokaa nao darasani

Mtoto wa mamdogo kamaliza digrii yake ya uhandisi mwaka jana, saivi ana mafolda matatu ya kuomba ufadhili wa masomo wa serikali kwenye laptop, moja la CSC ya China, moja la MEXT ya Japani, moja la GKS ya Korea Kusini, na kila akinipigia swali ni lile lile, kaka niende wapi. Nikimuuliza ameshaangalia nini ananitajia posho, baridi, na kama kuna wali. Posho tutaifikia, wali upo kote kule hiyo isikusumbue, ila kuna kitu watu hawakuambiagi mpaka ushafika: utakaa miaka miwili mpaka mitano na wanafunzi wa pale, na walivyozoea kusoma, wanachokitafuta chuoni, na wanavyochukulia habari ya kwenda kusoma nje ya kwao, vinatofautiana sana, hata kama sisi kwa mbali wote tunawaita Waasia wa kupiga msuli.

Kwahiyo nitaangalia mambo manne, yale yale kwa kila nchi. Wameingiaje chuoni, darasani wakoje, nje ya darasa nguvu yao inaenda wapi, na wao wenyewe wanaonaje kusoma nje, maana hilo la mwisho ndo linaamua wewe mgeni watakuchukuliaje. Afu pesa na lugha kidogo. Na nikisema "Wajapani" au "Wachina" elewa naongelea kwa ujumla, utakutana na Mjapani mwenye mdomo kuliko kondakta wa Mbagala na Mchina mvivu wa kutupwa, hamna shida.

Wameingiaje chuoni

China kuna Gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo, inaanza Juni 7 kila mwaka, na mwaka 2024 walijiandikisha watu milioni 13.42. Rudia kusoma hiyo namba taratibu. Kupata chuo chochote siku hizi sio kazi kubwa, kazi ni kupata chuo chenye jina, na maksi moja tu inaweza kukushusha nyuma ya watu kibao wa mkoa wako. Hii kitu ina mizizi, China walikuwa na mtihani wa kifalme wa kuchagua maofisa wa serikali uliodumu kama miaka 1,300 mpaka ukafutwa 1905, kwahiyo imani kwamba mtihani unaweza kumtoa mtoto wa mkulima shambani ukamkalisha ofisini sio ya jana. Shida ni kwamba mtoto anafika chuoni mashine imewaka na hajui kuizima. Akimaliza mwaka wa tatu anaanza kujiandaa na kaoyan, mtihani wa kuingia masta, ambao mwaka 2023 waliomba watu milioni 4.74, ukashuka hadi milioni 3.88 mwaka 2025. Wenyewe wana neno neijuan, yani mnashindana mnajikunja ndani kwa ndani, kila mtu anakesha, afu nafasi haziongezeki, na 2021 ndo vijana wakaibuka na jibu lao, tang ping, "kulala chali", mtu anasema mimi sishindani tena, basi.

Korea mtihani unaitwa Suneung, unafanyika Alhamisi moja ya Novemba na nchi nzima inanyamaza, nchi nzima kweli, ofisi zinachelewa kufunguliwa ili foleni ipungue, polisi wanawabeba watoto waliochelewa, na wakati wa kusikiliza Kiingereza ndege haziruhusiwi kuruka wala kutua kwa kama dakika 35. Kabla ya hapo mtoto kashapita miaka ya hagwon, vituo vya tuisheni, ambavyo Seoul ilibidi waviwekee sheria vifungwe saa nne usiku. Kinachotafutwa ni jina: Seoul National, Korea na Yonsei, wanaziita SKY. Ukishavaa jaketi la chuo, na wanavaa kweli, mgongoni limeandikwa jina la chuo, kila mtu kwenye treni anajua maksi zako bila kukuuliza.

Japani nao wana wa kwao, Januari kuna mtihani wa pamoja afu vyuo vikubwa vinakutungia wa kwao tena, na ukikosa chuo unachokitaka unakaa mwaka mzima unarudia, wanakuita rōnin, samurai asiye na bwana. Ila hapa kuna tofauti kubwa, watoto wamepungua, mwaka 2023 zaidi ya nusu ya vyuo binafsi vya Japani havikujaza nafasi. Kwahiyo moto wa mtihani umebaki kwenye vyuo vya juu na udaktari, wengine wanaingia bila jasho sana. Na hata yule aliyetoka jasho, akishaingia anashusha pumzi. Hapo ndo wanapoachana na wenzao wawili.

Darasani

Kimya. Hicho utakikuta kote, usidhani hawajui. Lekchara akiuliza "kuna swali?" darasa zima linaangalia meza, na kwakweli hata Nkrumah Hall pale mlimani sio kwamba tunagombania maiki. Ila sababu zao ukizijua zinakusaidia.

Mchina anaogopa kujiaibisha na pia anaogopa kumwaibisha mwalimu, mwalimu akishindwa kujibu itakuwaje? Kwahiyo swali lipo, ila linakuja baada ya kipindi, au saa tano usiku kwenye WeChat. Darasa lao ni kundi la kudumu, mnaingia pamoja mnatoka pamoja, kuna monita, kuna mlezi wa wanafunzi anaitwa fudaoyuan anayejua mpaka umelala wapi. Ukiwa masta au PhD msimamizi wako wenzako watamwita laoban, bosi, na neno hilo wala sio utani.

Sasa hapa kwa China kuna mtego nataka uusikie. Programu nyingi za Kiingereza, hasa udaktari wa binadamu, wanafunzi wote ni wageni. Mnasoma wageni watupu, hosteli mnakaa wageni watupu, chumba cha watu wawili wakati Wachina wenyewe wamebanana wanne au sita. Unaweza ukamaliza miaka sita China hujawahi kufanya asaimenti na Mchina hata mmoja. Kama ulienda kwa ajili ya kujifunza kutoka kwao umekula hasara, kama ulienda kwa ajili ya cheti hamna neno.

Japani kwenye lekcha za mwaka wa kwanza na wa pili utashangaa, mtu kalala mstari wa mbele na hamna anayemwamsha. Kusinzia hadharani wala sio dhambi kule, kuna neno lake kabisa, inemuri, na wanakuchukulia kwamba umechoka kwa kazi. Digrii inahitaji krediti 124, wengi wanazimaliza kwa miaka mitatu ya kwanza bila presha. Ukiishia hapo utasema Wajapani hawasomi, na utakuwa umekosea, kwa sababu kusoma kwenyewe kumejificha kwenye maabara. Mwanafunzi wa sayansi au uhandisi akifika mwaka wa nne anapangiwa kenkyūshitsu, maabara ya profesa fulani, anapewa meza yake, na kuanzia hapo maisha yanabadilika. Mkubwa wake, senpai, anamfundisha mashine, namna ya kuosha vyombo, namna ya kuandika daftari la majaribio, mpaka namna ya kuandika imeili kwa profesa. Kila wiki kuna zemi, unasimama unaeleza umefanya nini, wenzako kimya, profesa kafumba macho unadhani kalala, afu anakuuliza swali moja linalokubomolea slaidi zote kumi na tano. Hamna anayekuambia ukae mpaka usiku, na hamna anayekuambia uondoke. Hiyo ndo ngumu yenyewe, sheria hazisemwi, unatakiwa "usome hewa", wenyewe wanasema hivyo hivyo, na mgeni hewa yenyewe haioni. Ila ukikaa miaka miwili kwenye maabara nzuri ya Kijapani unatoka fundi, hilo siwezi kubisha.

Korea ni maksi. Vyuo vingi wanagawa maksi kwa kulinganisha, A ni za asilimia fulani tu ya darasa, kwahiyo ukipata 88 wenzako wakapata 91 unaweza kuondoka na B. Watu watakuwa wazuri kwako, watakununulia kahawa, ila notsi zao sidhani kama utaziona. Na kuna kazi za vikundi, timpeul, ambazo Wakorea wenyewe wanazichukia kuliko kitu chochote, maana kuna mmoja atapotea na jina lake litakuwepo kwenye slaidi ya mwisho. (Hapo nikawaelewa kabisa.) Hata kujiandikisha kozi ni vita, dakika ikifika wote wanabonyeza kwa pamoja, kuna wanaoenda kwenye vibanda vya magemu, PC bang, kwa sababu intaneti ya pale ina kasi zaidi.

Nje ya darasa nguvu inaenda wapi

China inaenda maktaba. Ukienda saa moja asubuhi viti vimeshawekewa vitabu na chupa za chai, na nje kwenye bustani kuna mtu anasoma Kiingereza kwa sauti peke yake kama anahubiri. Muda mwingine uliobaki ni simu, kama sisi tu.

Japani inaenda kwenye klabu na baito, vibarua. Mtu anakuambia yeye ni wa klabu ya kuendesha makasia kabla hajakuambia anasoma sheria. Na sio kwamba wanapoteza muda, makampuni ya Japani yanaajiri kwa mkupuo, unamaliza Machi unaanza kazi Aprili 1, na msako wa kazi, shūkatsu, unaanza ukiwa mwaka wa tatu, wote suti nyeusi. Kwenye usaili kuna swali maarufu wanaliita kwa kifupi gakuchika, yani ni kitu gani ulikikazania ulipokuwa mwanafunzi, na jibu zuri linaweza kuwa mgahawa uliokuwa unafanya kibarua au klabu yako, maana kampuni inapanga kukufundisha kazi upya yenyewe. Ukishajua hilo utaelewa kwanini yule wa mstari wa mbele kalala.

Korea inaenda kwenye "spec". Hilo neno utalisikia kila siku, maana yake kila kitu kinachoongeza uzito kwenye sivii: maksi za TOEIC (mtihani wa Kiingereza), vyeti, fildi kwenye kampuni kubwa, mashindano, kujitolea. Wengi wanasimamisha masomo mwaka mmoja ili wakusanye spec tu, na wanaume wanaenda jeshi, mwaka na nusu kwa jeshi la nchi kavu, kwahiyo mwaka wa tatu utasoma na kaka mtu mzima wa miaka 24 au 25. Ukubwa wa umri una uzito, seonbae, yani aliyekutangulia, ni seonbae. Na kuna safari za idara na mitoko ya jioni ambayo soju, pombe yao, inamwagika, saivi presha imepungua kuliko zamani, lakini ndugu zangu wa Unguja, Mombasa na kwingineko ambao hamtumii, semeni mapema na kwa upole, kwamba ni dini, wanaelewa. Nyama ya nguruwe nayo ni ya kuulizia kote kutatu.

Wao wanaonaje kwenda kusoma nje

Hapa ndo nataka nikae kidogo.

Kwa Wachina kusoma nje ni ngazi ya muda mrefu. Yung Wing alimaliza Yale mwaka 1854, akarudi akaishawishi serikali ipeleke watoto Marekani, wakaenda 120 kuanzia 1872, na 1881 wakaamriwa wote warudi kwa sababu wakubwa waliona wanakuwa Wamarekani kupita kiasi. Ule mvutano, nenda ukachote ujuzi ila urudi Mchina, mpaka leo upo. Aliyerudi wanamuita haigui, ni mchezo wa maneno, inasikika kama kasa wa baharini, anayeenda mbali akarudi pwani aliyozaliwa. Ila waliporudi wengi na kazi hazipo likaja neno jingine, haidai, mwani! Yupo nyumbani anaelea tu anasubiri ajira. Mtu wa Paje au Jambiani hahitaji kuelezwa zaidi. Na ajira kweli zilibana, Juni 2023 takwimu rasmi zilionyesha vijana wa mjini wa miaka 16 hadi 24 wasio na kazi ni asilimia 21.3, afu serikali ikasimamisha kuzitoa kwa miezi kadhaa. Wachina waliokuwa wanasoma Marekani walifika zaidi ya 372,000 mwaka 2019/20, hadi 2023/24 wakawa kama 277,000. Siku hizi utawasikia wakipiga hesabu, ada ya Uingereza milioni ngapi, nikirudi nalipwa ngapi. Kwako wewe mgeni maana yake nini? Anayejiandaa kuondoka atakutafuta kwa ajili ya Kiingereza chako. Asiyejiandaa atakuuliza swali ambalo hukulitegemea, kwanini umekuja kwetu? na anauliza kweli kabisa.

Wakorea wamesafiri sana kwa idadi yao. Mwaka 2023/24 walikuwa kama 43,000 Marekani, piga hesabu, ni kama mmoja kwa kila Wakorea 1,200, Wachina ni kama mmoja kwa kila 5,000. Kuna wakati mama na watoto wanahamia nje kwa ajili ya Kiingereza, baba anabaki Seoul peke yake anatuma hela, wanamuita gireogi appa, baba bata bukini, anayeruka bahari mara moja moja kwenda kuwaona. Ila nao wamepungua, 2008/09 walikuwa 75,000. Kwa wanafunzi wengi wa saivi kusoma nje ni muhula mmoja au miwili ya kubadilishana, mstari mmoja kwenye spec. Kwahiyo wanajua nje kupoje, hawakushangai, lakini pia hawana muda wa kukuzoea mpaka uwe kwenye ratiba yao.

Wajapani ndo wametulia nyumbani. Ajabu ni kwamba nao walianza kwa kishindo, mwaka 1871 binti mmoja, Tsuda Umeko, alipandishwa meli kwenda Marekani akiwa na miaka 6, akarudi mwaka 1882 kashasahau Kijapani, akafungua chuo cha wanawake 1900, na tangu Julai 2024 sura yake ipo kwenye noti ya yen 5,000. Ila leo wanafunzi wa Kijapani Marekani ni chini ya 20,000, kutoka 47,000 mwaka 1997/98. Watu wazima wanawalaumu vijana kwamba wanaangalia ndani, mimi naona lawama nusu yake sio haki: yen imeshuka thamani, na ukiwa nje wakati wa shūkatsu unaweza kukosa basi lenyewe la ajira. Ukiwa na kazi ya uhakika nyumbani, ungeenda wapi? Serikali inataka ifikapo 2033 wanafunzi 500,000 wawe wanaenda nje na wageni 400,000 wawe wanaingia. Kwa wewe mgeni, Mjapani hatakuja mwenyewe kukuanza. Muanze wewe, kwa Kijapani hata kibovu, afu subiri. Mwaka wa pili utaalikwa.

Pesa na lugha, haraka haraka

CSC kamili inalipa ada na malazi, posho ni yuan 2,500 digrii ya kwanza, 3,000 masta, 3,500 PhD kwa mwezi. MEXT inatoa yen 117,000 kwa digrii ya kwanza na kama 143,000 hadi 145,000 kwa masta na PhD, malazi ujitegemee, ila mwanafunzi akipata kibali anaruhusiwa vibarua saa 28 kwa wiki. China kibarua bila kibali ni matatizo, usijaribu. GKS inakuanzisha na mwaka mmoja wa Kikorea na unatakiwa ufikie levo ya 3 ya TOPIK, mtihani wa lugha ya Kikorea, ndo uanze masomo yenyewe. Kichina unaweza kukianzia hapa hapa, kuna Taasisi za Konfusio UDSM, Dodoma na Chuo Kikuu cha Nairobi, ya Nairobi ipo tangu 2005. Na wenzetu China ni wengi, mwaka 2018 Waafrika walikuwa 81,562, kwahiyo jamii ya Waswahili utaikuta. Japani na Korea jiandae kuwa mweusi peke yako kwenye basi.

Sasa wewe ni wa wapi

Kama unasukumwa na watu wanaokuzunguka, yani wenzako wakikesha na wewe unakesha, na unataka soko la baadaye la biashara na makandarasi walioko huku kwetu, China itakufaa, ila omba programu ya Kichina au chuo ambacho maabara yake inachanganya wageni na wenyeji. Kama ukibanwa na mashindano unaumwa, fikiria mara mbili.

Kama wewe ni mtu wa kushika kitu kwa mikono, mvumilivu, huhitaji kusifiwa kila wiki, na unaenda masta au PhD, Japani. Wanaotaka kubaki kufanya kazi pia, maana ajira zipo, mradi Kijapani kifike levo ya N2 hivi kwenye mtihani wao wa lugha, JLPT. Digrii ya kwanza kwa mtu mwenye miaka 18 anayehitaji marafiki wengi haraka, itakuwa ngumu mwaka wa kwanza. Isipokuwa aende chuo kama APU (Ritsumeikan Asia Pacific University) kule Beppu, ambacho karibu nusu ya wanafunzi ni wageni.

Kama unapenda kasi, mji, na huogopi kupimwa na wenzako kila muhula, Korea. Kwa wa sayansi wasiotaka kusubiri lugha, KAIST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Daejeon, inafundisha kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa. Na usidharau vyuo vya mikoani, Wakorea wanasemaga vyuo vitafungwa kwa kufuata maua ya cherry yanavyochanua, kuanzia kusini kwenda juu, watoto wameisha, kwahiyo mikoani wanawahitaji wageni na mapokezi yanaweza kuwa mazuri kuliko Seoul. Ila kagua kwanza hali ya chuo chenyewe, usije ukawa wa mwisho kuzima taa.

Kama bado umekwama, tafuta mtu mmoja anayesoma kwenye chuo kile kile na idara ile ile, sio mtu wa nchi ile tu, umuulize matatu: wiki iliyopita umeongea na mwenyeji mara ngapi nje ya kipindi, msimamizi wako anakujibu baada ya siku ngapi, na saa nne usiku maabarani au maktaba kuna nani. Mtoto wa mamdogo nimempa hayo maswali juzi, kamtumia jamaa mmoja aliyeko kule kwenye folda lake la kwanza, anasubiri ajibiwe.